Dakika Sita Ndani ya Mrija

Mrija ulikuwa na urefu wa mita moja, na kipenyo cha tundu lake kilikuwa milimita 0.12. Niliukata mwenyewe. Meza yenye moyo wa panya niliokuwa naupima ilikuwa upande mmoja wa maabara, chombo cha kukusanyia sampuli kilikuwa upande wa pili, na mimi nilikuwa mgeni nisiyependa kumwambia mtu ahamishe vitu vyake. Basi nikaupitisha mrija juu, meza hadi meza, kama kamba ya kuanikia nguo. Miezi minne baadaye kamba hiyo ilinivua nguo mbele ya watu kumi na mmoja.

Mimi ni mtoto wa Mwanga, Kigoma mjini, na sasa nafundisha vijana wa afya hapa hapa Kigoma. Kabla ya hapo nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Ulaya, kwenye maabara ya moyo. Nchi na chuo naviacha, maana aibu ninayoisimulia ni yangu. Kazi niliyopewa ilitosha mstari mmoja: kupima adenosini na jamaa zake katika maji yaliyo kati ya seli za moyo. Nilipousoma mstari huo nikadhani ni kazi ya wiki tatu. Ilinichukua miaka miwili, na muda mwingi nilikuwa napima makosa yangu mwenyewe bila kujua.

Seli ya moyo inaishi kwa ATP. Ifikirie kama mkaa ulioshika moto: kila pigo la moyo linauteketeza, na oksijeni ndiyo inayowezesha kuujaza upya. ATP ina fosfeti tatu. Ikitumika inapoteza moja na kuwa ADP. Mambo yakibana zaidi inabaki na moja tu, nayo huitwa AMP. Damu ikipungua na oksijeni ikakosekana, AMP inarundikana, kisha kimeng'enya, protini ya mwili inayokata na kugeuza dutu, kinakuja kuikata fosfeti ile ya mwisho. Kinachobaki ni adenosini. Ukipenda iite majivu, lakini ni majivu yenye akili. Yanatoka nje ya seli, yanaugusa mshipa mdogo wa damu ulio karibu, mshipa unatanuka na damu inaongezeka. Jiko lililoishiwa linatuma majivu yake kwa jirani kuomba kuni.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1929 Alan Drury na Albert Szent-Györgyi (ndiye huyo huyo aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1937, na anayejulikana zaidi kwa vitamini C) walikamua dondoo kutoka kwenye misuli ya moyo, wakawadunga wanyama, wakaona mapigo yanapungua kasi. Walipochambua wakakuta mhusika ni dutu za ukoo wa adenini, ukoo wa adenosini yenyewe. Mwaka 1963 Robert Berne kule Marekani, na Gerlach na wenzake kule Ujerumani, kila upande kivyake, wakapendekeza kwamba adenosini ndiyo inayouongezea moyo damu pale oksijeni inapopungua. Ugomvi ukaanza hapo, na sehemu kubwa ya ugomvi ilitokana na swali linaloonekana dogo: hiyo adenosini mliipima wapi?

Maana adenosini haikai. Ikiingia kwenye damu ya binadamu, nusu yake inakuwa imeshaondoka kabla sekunde 10 hazijatimia. Chembe nyekundu zinaivuta ndani, ukuta wa mshipa unaivuta, vimeng'enya vinaigeuza kuwa inosini, kisha hipozanthini, kisha zanthini, mpaka inaishia kwenye asidi ya yuriki, ile ile inayowavimbisha vidole vya miguu wenye jongo. Ukiipima kwenye damu inayotoka moyoni, unafanya kazi ya mtu anayekwenda sokoni saa kumi jioni, anaangalia dagaa waliobaki mezani, halafu anatangaza kwamba usiku wa jana wavuvi hawakupata kitu.

Wengine walisema basi tuchukue nyama yenyewe. Kuna koleo za alumini zinazopozwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, zinaubana moyo unaopiga na kuugandisha papo hapo. Zinaitwa koleo za Wollenberger. Ni kifaa kizuri kwa kupima ATP. Kwa adenosini kina kasoro moja kubwa: sehemu kubwa ya adenosini inayopatikana humo ilikuwa ndani ya seli, imeshikwa na protini, haikuwa na mpango wa kutoka wala kuugusa mshipa wowote. Unahesabu watu wa mji mzima ili ujue wangapi wako barabarani.

Ndiyo maana tunayataka maji ya katikati, yale yanayozunguka seli kabla hayajafika kwenye damu. Na maji hayo hayachoteki kwa kijiko.

Njia niliyofundishwa inaitwa maikrodayalisisi. Urban Ungerstedt wa Sweden aliijenga kwa ajili ya ubongo miaka ya 1970, baadaye watu wa moyo wakaiazima. Anayejua jinsi mgonjwa wa figo anavyosafishwa damu ameshaelewa nusu yake. Unapitisha ndani ya misuli ya moyo uzi mtupu katikati, unene wake kama milimita 0.2, ambao ukuta wake ni utando wenye vitundu. Ndani ya uzi unasukuma maji yenye chumvi zile zile za mwili, polepole mno: mimi nilitumia maikrolita 2 kwa dakika. Tone moja la maji ya bomba ni kama maikrolita 50, kwa hiyo mrija wangu ulihitaji dakika 25 kutoa ujazo wa tone moja. Wakati maji hayo yanapita, vitu vidogo vilivyo nje ya utando vinajipenyeza ndani. Adenosini inapenya. Kimeng'enya kinachoila hakipenyi, kwa sababu ni protini kubwa kuliko tundu. Hili lilinifurahisha kuliko yote: ikishavuka utando, adenosini imeokoka. Unaweza kuiacha sampuli mezani ukaenda kunywa chai, ukirudi unaikuta. Sampuli ya damu haikubali hilo. Ukiichota bila kuichanganya mara moja na dawa ya kuzuia chembe nyekundu na vimeng'enya, utapima kilichosahauliwa kuliwa.

Moyo tuliutoa kwa panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, tukautundika kwa mshipa wake mkuu kwenye bomba la kioo, kwa mtindo alioubuni Oskar Langendorff mwaka 1895. Maji ya nyuzijoto 37, yenye sukari na chumvi na yaliyopulizwa oksijeni, yanashuka kutoka juu, yanaingia kwenye mishipa ya moyo wenyewe, na moyo unaendelea kupiga peke yake hewani, bila panya. Mara ya kwanza nilipouona sikula mchana.

Sampuli zilikwenda kwenye mashine ya kromatografia. Inasukuma tone lako ndani ya bomba lililojazwa unga maalumu, dutu zinachelewa kila moja kwa kadiri inavyoung'ang'ania unga huo, na upande wa pili mwanga wa urujuanimno, nanomita 260, unazihesabu zinapotoka. Kwenye karatasi unaona vilele. Kwetu asidi ya yuriki ilitoka kwanza, ikafuata hipozanthini, zanthini, inosini, na adenosini mwisho, kama bibi harusi.

Matokeo yangu ya mwanzo yalikuwa mazuri kupita kiasi, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Nusu saa ya kwanza adenosini ilikuwa juu sana, halafu ikashuka taratibu. Nikaandika kwenye daftari kwamba moyo ukitolewa kifuani unapatwa na njaa, kisha unazoea. Sentensi nzuri. Nilirudia mara sita, na mara zote sita ikatokea hivyo hivyo, kwa hiyo nikajiona nina ugunduzi unaorudiwa.

Fundi wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu, alitazama daftari langu akaniuliza uzi wangu una unene gani. Nikamwambia. Akaniuliza kapilari za moyo, ile mishipa midogo kabisa ya damu, zimeachana kwa umbali gani. Takriban milimita 0.02, nikajibu, hilo nililisoma. Akanyamaza, akaendelea kuosha vyombo vyake.

Ilinichukua hadi jioni kuelewa. Uzi wangu ulikuwa mnene mara kumi ya nafasi kati ya kapilari na kapilari. Nilipouvusha niliburura kila kitu njiani, nikapasua seli kwa mamia, na kila seli iliyopasuka ilimwaga ATP yake nje, ambako vimeng'enya vilikuwa vinasubiri kuikata iwe adenosini. Nusu saa ile ya kwanza nilikuwa napima kidonda nilichokitia mwenyewe. Kwamba ilirudiwa mara sita haikuthibitisha chochote isipokuwa kwamba nilichoma mara sita kwa mkono ule ule.

Dawa yake ni kungoja. Saa moja, saa moja na nusu, mpaka kilele cha adenosini kikae chini na kutulia, ndipo jaribio lianze. Mioyo sita ikawa haina maana. Siitaji idadi hiyo kwa raha; kila moyo ulikuwa na panya wake.

Baada ya hapo nikawa mwangalifu, au nilijidhania. Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza: ngoja moyo utulie, simamisha maji yanayoulisha kwa dakika 20, halafu yafungulie tena. Sampuli kila dakika 5. Nilitarajia adenosini ipande mara tu maji yanapokatwa. Haikupanda. Sampuli ya kwanza ya njaa ilikuwa kama ya shibe. Ya pili ikaanza kuinuka kidogo. Kilele kikubwa kuliko vyote, zaidi ya mara kumi ya kawaida, kilikuja kwenye sampuli ya kwanza baada ya maji kurudi.

Nikarudia. Ikawa vile vile. Safari hii nilikuwa nimengoja saa moja na nusu kila mara, uzi haukuwa na hatia. Nikaanza kujenga hoja: kumbe adenosini haimwagiki moyo unapokosa damu, inafurika damu inaporudi! Nikachora grafu kubwa, nikaweka mshale mwekundu. Usiku mmoja nilimpigia simu kaka yangu Ujiji nikamwambia huenda jina letu likaandikwa mahali. Akaniuliza litaandikwa wapi, nikamwambia subiri.

Siku ya kuwasilisha walikuwepo watu kumi na mmoja. Nilizungumza dakika 15, mshale mwekundu ukafanya kazi yake. Halafu mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma, ambaye hata si wa idara yetu, akainua kalamu: ujazo wa mrija wako ni kiasi gani?

Sikujua. Akanionyesha ubao, akaniambia kwa upole nipige hesabu hapo hapo. Nusu kipenyo 0.06, mara 0.06, mara 3.14, mara urefu wa milimita 1,000. Nilipata 11.3. Milimita za ujazo 11.3 ndizo maikrolita 11.3. Mwendo, maikrolita 2 kwa dakika. Kigawanye. Chaki ilikuwa inateleza mkononi kwa jasho. Dakika 5 na sekunde 39.

Yaani kila nilichokisoma kwenye kichupa kilikuwa kimetoka moyoni karibu dakika 6 nyuma. Sampuli niliyoiita "ya kwanza baada ya maji kurudi" ilikuwa imekaa njiani. Ndiyo ya mwisho wa njaa. Mtu mmoja wa mbele alichukua grafu yangu, akaisogeza kushoto kwa kidole kwenye meza kadiri ya sampuli moja na kidogo. Mshale mwekundu ukaangukia ndani ya njaa, pale pale ambapo kila mtu tangu 1963 angetarajia uwe. Ugunduzi ukaisha. Hakuna aliyecheka, na hilo liliuma zaidi.

Jioni ile nilikaa kwenye chumba changu nikakumbuka stesheni yetu. Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, vitu vingi tunavyovijua kuhusu Tabora tunavijua kupitia treni. Msimu wa embe ukifika wanashuka abiria na vikapu, unaonja, unasema embe za Tabora mwaka huu zimeiva sana. Lakini embe liliivia ndani ya behewa. Aliyelichuma jana alilichuma likiwa gumu. Mtoto yeyote wa Kigoma anajua kuhesabu usiku mmoja wa treni kabla hajasema neno kuhusu embe, na mimi, mtoto wa Kigoma, nilivuka bahari nikasahau kuhesabu mita moja.

Asubuhi nilimwomba jirani wa meza asogeze vifaa vyake. Alivisogeza kwa dakika tano, akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Mrija mpya ulikuwa wa sentimita 12. Kuchelewa kukashuka hadi sekunde 41, nami nikaziandika ukurasa wa kwanza wa daftari kwa kalamu nyekundu, zitolewe kwenye kila muda.

Yapo mengine, nitayapita haraka. Uzi haukusanyi adenosini yote iliyoko nje yake, unakusanya sehemu tu, na sehemu hiyo inategemea kasi ya maji: ukisukuma polepole inaongezeka, ukiharakisha inapungua. Kwa hiyo kabla ya moyo unauzamisha uzi kwenye bika yenye adenosini unayoijua kiwango chake, unaona inarudisha asilimia ngapi. Mimi niliupimia kwenye bika ya joto la chumba, halafu nikautumia kwenye moyo wa nyuzijoto 37, ambako kila kitu kinapenya kwa kasi zaidi. Kosa la mwanafunzi. Wiki mbili za kurudia. Na hata bika ikiwa na joto sahihi bado si nyama, maana ndani ya nyama dutu inalazimika kuzunguka seli moja baada ya nyingine kabla ya kuufikia utando. Wapo waliobuni ujanja wa kupendeza, nao ulichapishwa na Lönnroth na wenzake mwaka 1987: unasukuma maji ambayo tayari umeyatia dutu hiyo kwa viwango tofauti. Yakiwa na kidogo kuliko nje, yanatoka yameongezewa. Yakiwa na zaidi, yanatoka yamepunguziwa. Kiwango ambacho hayaongezewi wala hayapunguziwi, ndicho kiwango cha nje. Ni sawa na kumpelekea jirani chumvi nyumba kwa nyumba mpaka umpate asiyekupa wala asiyekuomba.

Niliporudi nyumbani nilikwenda Kibirizi kumsalimia shangazi. Anauza dagaa tangu sijazaliwa. Anawapokea alfajiri mitumbwi ikirudi, anawaanika, anawajaza kwenye magunia. Nilimkuta mwezi ni mpevu, na mwezi ukiwaka wavuvi wa dagaa hupumzika kwa kuwa taa zao hazina nguvu ya kuwavuta samaki. Kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kunihoji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo kwenye gunia. Haya, hiyo miaka miwili ulisomea kitu gani hasa? Baba yako akieleza simwelewi."

Nikaona moyo wa panya hautanifikisha popote, nikaanzia kwa samaki. Nikamwambia nyama ya samaki nayo ina ATP, na akishakufa inaporomoka ngazi kwa ngazi kama kwenye moyo, ila njia ya samaki inapinda kidogo. AMP inageuka kwanza kuwa asidi ya inosini, ambayo ndiyo inayoupa mchuzi utamu wake, halafu inosini, halafu hipozanthini yenye uchungu. Wajapani wakatengeneza kipimo mwaka 1959: unajumlisha inosini na hipozanthini, unagawanya kwa jumla ya ukoo wote wa ATP, unapata asilimia. Ikiwa chini ya 20, samaki huyo wanamla hata mbichi.

Shangazi alinitazama kwa muda.

"Kumbe ulikwenda Ulaya kusomea kuoza."

Wasichana waliokuwa wanachambua dagaa wakaangua kicheko. Nikacheka nao, kusema kweli sijapata kusikia mtu akiieleza shahada yangu kwa ufupi zaidi.

Lakini hakuishia hapo. Akasema yeye hahitaji mashine. Mgebuka aliyepambana na nyavu muda mrefu hukakamaa mapema na nyama yake haikai, na yule aliyetolewa upesi hukaa laini zaidi. Akimshika tu anajua kama alikufa kwa shida. Nikamwambia ni kweli kabisa, samaki akipigana anaiteketeza ATP yake angali hai, kwa hiyo ngazi zinaanza kushukwa kabla hajatoka majini.

"Na wewe," akauliza, "huyo panya wako ulimshikaje?"

Swali hilo sikuulizwa na yeyote wa wale kumi na mmoja. Panya wangu wa mwanzo niliwashika kwa hofu, mimi naogopa na wao wanaogopa, nikawafukuza kwenye kizimba mpaka kona. Baadaye mkono ulitulia. Katika tasnifu yangu hakuna mstari hata mmoja unaosema ni moyo upi ulitoka kwa panya aliyekimbizwa na upi kwa panya aliyelala. Nilimjibu shangazi kwamba niliwashika vibaya. Akaitikia kwa kichwa, akanifungashia dagaa kilo mbili.

Sasa nafundisha. Adenosini huja darasani mara moja tu kwa mwaka, na si kama majivu ya moyo, ni kama dawa. Kuna mgonjwa ambaye moyo wake unakimbia ghafla, mapigo 180 au 200 kwa dakika, kwa sababu umeme unazunguka njia ya mduara ndani ya moyo. Adenosini inakata mduara huo kwenye kituo kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini. Kwa mtu mzima kitabu kinasema anza na miligramu 6, mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, sukuma kwa kasi, na papo hapo fuatisha mililita 20 za maji ya chumvi. Isipofaa, 12. Kwa sekunde chache moyo unaweza kunyamaza kabisa kwenye kioo cha mashine, na mgonjwa hujihisi kama anakufa. Mwambie kabla, wala usimdanganye.

Wanafunzi hukariri namba hizo vizuri sana. Mwaka juzi kijana mmoja wa Kasulu akauliza kwa nini haraka hivyo, dawa nyingine tunaambiwa sukuma taratibu. Nikajikuta nimerudi kwenye mrija wangu, lakini kinyume chake. Mrija wangu ulichelewesha adenosini bila kuila, kwa kuwa ndani yake hakukuwa na kimeng'enya. Mshipa wa mkono ni barabara yenye walaji pande zote mbili. Ukiichoma kwenye kanula nyembamba nyuma ya kiganja, ukaisukuma pole pole, ukachelewa na maji ya kuifuatisha, kinachofika moyoni ni inosini na sifa zako njema. Na kama mgonjwa ni mzee anayeshinda kijiweni na kahawa chungu tangu alfajiri, kafeini inakuwa imeshakalia viti vya adenosini kwenye vipokezi (ndiyo hiyo hiyo inayotunyima usingizi), kwa hiyo dozi ya kawaida huenda isione pa kukaa.

Waliandika. Lakini niliona wameandika tu.

Kipindi kilichofuata nilikwenda na seti ya dripu, chupa ya maji, na juisi ya rosela aliyoipika mke wangu. Nikatundika chupa kwenye msumari wa dirisha, mrija wa sentimita 150, nikaweka matone 20 kwa dakika, kiasi cha mililita moja. Nikaingiza rosela juu kabisa, pale chini ya chupa. Nikawaambia: huyu ni mgonjwa, hii ni dawa, kila mmoja aandike kwenye karatasi itamfikia baada ya muda gani, wala msiniambie.

Wengi waliandika sekunde. Dada mmoja wa mbele aliandika dakika mbili, akaonekana kama amezidisha. Nyekundu ikaanza kushuka, tukaitazama. Dakika tatu ilikuwa haijafika hata nusu. Dakika ya tano mtu akacheka, dakika ya saba hakuna aliyecheka. Kijana wa Kasulu alitoa rula, akapima mrija, akaniuliza kipenyo cha ndani. Nikamwambia milimita 3. Akainama kwenye daftari lake akapiga hesabu huku midomo ikitembea.

"Mwalimu, ni mililita kumi na nusu," akasema. "Bado dakika tatu."

Tukakaa kuzingoja.